Mtoto wa Singida Naye Afundishwe Bahari

Mwanafunzi wa ualimu akipangiwa Singida kwa mafunzo ya vitendo, na akabahatika kupewa kipindi cha jiografia, kuna swali atakutana nalo tu hata kama atajificha nyuma ya madesa yake: "Mwalimu, sisi bahari ya nini?" Huulizwa mara mada ya mawimbi inapoanza, na ni swali la haki kabisa. Kutoka Singida mjini mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 700. Wengi darasani hawajawahi kuiona bahari, na wengine wataiona kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima.

Jibu tunalotoa wengi wetu ni moja: "Itatoka kwenye mtihani." Swali linafungwa, watoto wananakili, kengele inalia. Mimi nasema jibu hilo ni la uvivu, na ubaya wake hauishii kwenye alama. Mtoto wa Singida anaihitaji bahari. Tena, kitu cha kumfundishia anacho tayari, kinampiga usoni kila kiangazi: upepo.

Tuanze na tunavyofundisha sasa. Tunaandika ubaoni kwamba kuna mawimbi yanayojenga ufukwe na mawimbi yanayoubomoa, kuna maji yanayopanda juu ya mchanga na maji yanayorudi. Tunachora mchoro, tunatoa mifano ya fukwe za ng'ambo, basi. Mwanafunzi anakremu. Ukimuuliza wimbi linatoka wapi, atakwambia "baharini". Ukimuuliza kwa nini bahari ileile iwe imetulia Februari na ichafuke Julai, kimya. Hajakosa akili, ila sisi tumempa majina ya vitu tukamnyima sababu zake.

Sababu ni ya msimu. Pwani yetu ina misimu miwili mikubwa ya upepo, na babu zetu waliosafiri kwa majahazi waliijua kama sisi tunavyojua tarehe za mitihani. Kaskazi huvuma tangu mwezi wa 12 mpaka wa 3 hivi, ikitoka kaskazini mashariki. Kusi huanza karibu mwezi wa 4 au wa 5 na kuendelea mpaka wa 9 au wa 10, ikitoka kusini mashariki. Katikati yake kuna siku za maleleji, upepo unapolegea na kutafuta njia mpya. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikishika, hasa Juni mpaka Agosti, ndipo bahari yetu inapoinuka.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Kusi haiishii ufukweni. Hewa ile inayosukumwa kutoka Bahari ya Hindi inaingia bara, inapanda uwanda wa juu wa kati, na upepo mkavu unaorusha vumbi la Singida wakati wa kipupwe ni wa familia hiyohiyo. Upepo wa mkoa huu si jambo la siri. Miradi ya umeme wa upepo imetajwa hapa kwa miaka na miaka. Upande wa pili nao unajibu. Pwani wanaposema kaskazi imeshika, sisi huku ndipo ukanda wa mvua unapokuwa umeshuka kusini na mashamba ya alizeti na mtama yanapata maji. Kalenda ya mvuvi wa Kunduchi na kalenda ya mkulima wa Iramba ni kalenda moja iliyosomwa katika kurasa mbili tofauti. Mwalimu anayesema Singida haihusiani na bahari hajaitazama hali ya hewa ya mahali anapofundisha.

Na maji ya kufundishia tunayo. Mjini Singida kuna Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, maziwa ya chumvi yasiyo na mto wa kuyatoa maji, yanayojulikana kwa heroe wake. Kule Iramba kuna Kitangiri, ziwa la wavuvi. Mpeleke mwanafunzi ukingoni mwa Singidani asubuhi kabla upepo haujaamka, kisha umrudishe mchana ukiwa umeshika. Asubuhi maji yamelala. Mchana yana vijiwimbi vinavyopiga upande mmoja, huku upande unakotokea upepo maji yakiwa karibu kama ya asubuhi. Hapo hapo, bila kitabu, amepata sheria nzima ya wimbi la upepo. Ukubwa wa wimbi unategemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji uliyoyapitia bila kuzuiwa.

Wahenga wana methali inayofaa kuandikwa juu ya ubao siku hiyo: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tofauti ya Singidani na Bahari ya Hindi ni hilo jambo la tatu. Ziwani upepo unakimbia kilomita chache tu ukakutana na ukingo. Baharini kusi inasukuma maji maelfu ya kilomita kabla haijaiona Afrika. Mtoto akielewa hivyo, ile bahari asiyoijua inakuwa ziwa lake lililokuzwa, na anaweza kukadiria mwenyewe kwamba mwezi ambao vumbi linamfanya afumbe macho njiani kwenda shule, huko pwani mashua zinayumba.

Kuna watakaosema, mbona vijana wanaona mawimbi kwenye simu kila siku? Kweli wanaona. Wanaona Nazaré, kule Ureno, watu wakiteleza kwa ubao juu ya wimbi lenye urefu wa ghorofa nyingi. Rekodi ya pale iliwekwa Oktoba 29, 2020 na Mjerumani Sebastian Steudtner, katika wimbi lililopimwa kuwa mita 26.21. Lakini Atlantiki ile inafanya kazi kwa utaratibu wake. Mawimbi yake makubwa huja kati ya Oktoba na Machi, majira ambayo dhoruba huzaliwa mbali sana kaskazini mwa bahari hiyo. Yanasafiri siku kadhaa, na yanaweza kufika ufukweni siku ambayo hapo hakuna hata upepo. Pale Nazaré, bonde refu lililo chini ya bahari linayaelekeza na kuyainua. Kwetu mawimbi ya mbali yapo pia, lakini kinachotawala ni upepo wenyewe wa msimu, na mbele ya sehemu kubwa ya pwani kuna miamba ya matumbawe inayoyavunja kabla hayajafika mchangani. Kwa hiyo kijana anayejifunza bahari kwa video za Nazaré anajifunza bahari ya mtu mwingine: anatarajia hatari iwe na urefu wa ghorofa, na asipoiona hivyo anadhani haipo.

Ukitaka mfano ulio karibu nasi wa ufukwe unaopokea mawimbi moja kwa moja, ni Malindi, Kenya. Mto Galana, ambao huko chini huitwa Sabaki, unamwaga maji yenye tope karibu na ghuba hiyo. Matumbawe hayapendi tope, kwa hiyo ukuta wa miamba umeacha nafasi, na mawimbi ya kusi yanaingia mpaka kwenye mchanga. Ndiyo maana wanaocheza na ubao hulisubiri kusi pale. Ona jinsi mada zinavyoshikana: mto wa bara, tope la bara, matumbawe, upepo, wimbi. Mwalimu akiziunganisha hivi, hata mtoto wa Manyoni anaona kwamba udongo unaochukuliwa na mvua shambani una hadithi inayofika mbali.

Lakini sijaandika haya kwa ajili ya uzuri wa somo tu. Tunajuana. Watoto wa Singida hawabaki Singida. Wanaenda Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Unguja, kusoma, kuuza nguo, kufanya kazi za ndani, kujenga nyumba za watu. Na sisi tuliofika chuo, bumu likiingia, Jumapili inayofuata uko Coco Beach na wenzako mnakula mihogo, na mmoja anasema "tujimwagie kidogo". Nusu yetu hatujui kuogelea. Habari ya kijana aliyekwenda kubarizi ufukweni na akarudishwa akiwa maiti tumeisoma mara nyingi mno, na hatujawahi kujiuliza kama shule iliwahi kumwambia chochote.

Angalieni ni mambo machache kiasi gani ambayo angehitaji kuyajua.

La kwanza ni mwezi wa angani. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, na siku moja au mbili baada yake, ni bamvua: maji hutoka mbali sana na hurudi juu sana. Dar es Salaam na Unguja tofauti inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kati ya hapo ni saa sita hivi, na maji hayapandi sawasawa. Katika saa mbili za katikati peke yake hupanda karibu nusu ya kimo chote. Yaani mtu aliyetembea kwenye mchanga mkavu saa nne, akaenda mbali kupiga picha, akakaa kwenye fungu akipiga stori, kuanzia saa sita hivi mpaka saa nane mchana anaweza kuongezewa mita 2 za maji. Hapo kutokujua kuogelea kunahesabika. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo. Mwezi unaonekana Singida kama unavyoonekana Kigamboni. Somo hili halihitaji nauli.

La pili ni mkondo. Wimbi linapokaribia ufukwe linapunguza mwendo, linainuka, na linavunjika kina kinapokuwa kama mara moja na theluthi ya urefu wake. Wimbi la mita 1, basi, linavunjika kwenye kina cha mita 1.3 hivi. Maana yake, mahali mawimbi yanapovunjika ni kina kifupi, na mahali pasipovunjika katikati ya yanayovunjika kuna mfereji. Maji yote yaliyorundikwa ufukweni yanatafuta njia ya kurudi, na njia yao ni huo mfereji. Mgeni anatazama, anaona kipande kilichotulia, anasema "pale ni salama", anaingia palepale ambapo maji yanatoka. Akivutwa, anapigana kurudi moja kwa moja nchi kavu mpaka nguvu zinaisha. Anachotakiwa ni kutulia na kuelea, aite msaada, na kama anajua kuogelea aende sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mfereji, ndipo arudi. Sentensi mbili tu hizo. Kwa nini mtu azisikie kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22?

La tatu ni msimu wenyewe. Wakati wa kusi mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini nao huongezeka kasi, maji hayakai yalivyo, na sehemu uliyoogelea Februari si ileile ukiikuta Julai. Hata vyombo vikubwa havisamehewi. Julai 18, 2012, meli ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na Chumbe, katika upepo mkali na bahari iliyochafuka. Meli hiyo ilikuwa imebeba abiria kwa miaka mingi huko Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Sisemi msimu peke yake ndio ulioizamisha. Chombo na usimamizi vina hesabu yake. Ninachosema ni kwamba abiria anayejua kusi ni nini ana swali la kuuliza bandarini, na asiyejua hana.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya sehemu yake. Mara kwa mara inatoa tahadhari za upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, taarifa zilitoka mapema. Lakini taarifa ni barua, na anayeipokea lazima ajue kusoma. Kwa mtu ambaye hajafundishwa, "mita 2" ni namba ndogo, ni kimo cha mlango. Kwa aliyesimama ukingoni mwa Singidani akaona kijiwimbi kisichofika goti kikimyumbisha mwenzake aliyekaa kwenye mtumbwi, mita 2 inatisha kama inavyopaswa kutisha.

Najua pingamizi, nimezisikia kwenye chumba cha walimu na kwenye vyumba vyetu vya hosteli. La kwanza: muda hautoshi, silabasi ni ndefu. Sawa, lakini mimi siongezi mada. Mawimbi yamo, misimu ya upepo imo, kujaa na kupwa kwa maji kumo. Nabadilisha mpangilio tu: tuanze na upepo wa hapa, halafu ziwa la hapa, halafu bahari. Na kwa kuwa sera ya elimu, toleo la 2023, na mtaala unaotokana nayo vinasisitiza umahiri kuliko kukremu, sioni nani atatukataza.

La pili: sekondari mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo maneno kama kusi, bamvua na maji mafu yatawachanganya. Hapa ndipo nakataa kabisa. Maneno hayo ni elimu iliyokwisha kufikiriwa. Neno moja, bamvua, limebeba jua, mwezi, dunia na kimo cha maji kwa pamoja. Mtoto akishika wazo kwa lugha anayoiota, kulipa jina la mtihani ni kazi ya dakika tano. Ukimpa jina kabla ya wazo, utasahihisha majina matupu mpaka ustaafu.

La tatu ni zito zaidi: kupeleka watoto ziwani ni hatari. Ni kweli. Ndiyo maana hakuna sababu ya mtu kuingia majini. Wasimame ukingoni, mwalimu na mzazi mmoja au wawili wawepo, waombe ruhusa shuleni. Mti mmoja wenye alama za sentimita uchomekwe palipo na maji ya kifundo cha mguu, kitambaa kifungwe juu yake kionyeshe upepo unakotoka, na saa ya simu itumike kuhesabu mawimbi kwa dakika moja. Wafanye hivyo asubuhi na mchana, pande mbili za ziwa, mwezi wa 7. Wenzao wa mwezi wa 2 wafanye tena, walinganishe madaftari. Gharama yake ni kitambaa. Na wale wanaoogelea huko kwa siri baada ya shule, ambao sote tunajua wapo, angalau watakuwa wamesikia kitu.

Tusijidanganye pia kwamba wa pwani wanazaliwa wakijua. Kule Nungwi, Unguja, Panje Project imekuwa ikiwafundisha kuogelea wasichana waliokulia hatua chache tu kutoka baharini bila kujua kuogelea. Kukaa karibu na maji si sawa na kufundishwa maji. Kama wa Nungwi anahitaji mwalimu, wa Ilongero anahitaji zaidi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wenzangu wa ualimu mnaopangiwa mikoa ya kati: mafunzo yetu ya vitendo mara nyingi yanaangukia katikati ya kusi. Msilipoteze bahati hiyo. Mkipewa mada ya mawimbi, fungueni dirisha kabla ya kufungua kitabu.

Kwa serikali ya wanafunzi: wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tunawaeleza mkopo, vyumba, kantini na usajili. Tuongeze nusu saa ya bahari. Atafutwe mvuvi mmoja na mwokoaji mmoja, waeleze kusi na kaskazi, bamvua, mfereji usiovunja mawimbi, na nani hapaswi kuingia majini. Ubao wa matangazo uwe na saa za kujaa na kupwa kwa kila wikiendi. Umoja wa Mataifa mwaka 2021 ulitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama majini, na tarehe hiyo inaangukia kusi ikiwa imekaza. Tukitaka siku ya kuanzia, hiyo ipo. Na yule anayeuliza "sisi bahari ya nini?" ajibiwe ukweli: kwa sababu utakwenda, na hatutakuwa nawe.